Ngazi ya Vidato Vinne

Nilirudi darasani nikiwa na mvi, baada ya miaka mingi katika ofisi ya uhusiano ya shirika moja la huduma. Nilitaka shahada ya uzamili ya uhusiano wa umma, wala si kwa ajili ya cheo tu. Nilitaka kujua kama kazi iliyokula ujana wangu ina elimu ndani yake, au ni maneno matamu yaliyovalishwa suti.

Kitabu tulichokabidhiwa wiki ya kwanza ni Managing Public Relations, cha Wamarekani wawili, James Grunig na Todd Hunt, kilichotoka mwaka 1984. Hoja yake mashuhuri ni kwamba fani hii ina mitindo minne. Wa kwanza ni kupiga tarumbeta ili watu wageuke, na kielelezo chake ni P. T. Barnum, mwenye maonyesho wa karne ya 19. Wa pili ni kutoa habari za kweli, na kielelezo ni Ivy Lee. Wa tatu husikiliza watu ili kuwashawishi vizuri zaidi. Huo ni wa Edward Bernays. Wa nne husikiliza kwa ulinganifu, na shirika lenyewe hukubali kubadilika.

Faida ya mpango huu siikatai. Kabla ya kuusoma nilikuwa nikitoa taarifa kwa mazoea, bila kujiuliza kama nasema na watu au nawasemea. Waandishi wenyewe wanakiri kwamba mitindo yote minne ingali inatumika, na walikisia kwamba ule wa nne unafuatwa na asilimia 15 tu ya mashirika. Lakini darasani tuliugeuza kuwa ngazi: historia imepanda kidato kwa kidato, kutoka uongo hadi haki, nasi wenye shahada tumesimama juu kabisa. Mtihani uliulizwa hivyo, ukajibiwa hivyo.

Tumtazame huyo Ivy Lee wa kidato cha pili. Mwaka 1906 alitoa tamko kwamba ofisi yake itafanya kazi hadharani na kuwapa waandishi habari sahihi. Tamko hilo tulilikariri. Lililofuata nililikuta mwenyewe maktabani. Tarehe 20 Aprili 1914, huko Ludlow, Colorado, askari na walinzi wa kampuni walishambulia kambi ya wachimba makaa waliokuwa wamegoma. Mahema yakateketea, na wanawake 2 na watoto 11 wakafia katika shimo walimokuwa wamejificha chini ya hema. Familia ya Rockefeller, yenye hisa kubwa katika mgodi, ikamwajiri Lee. Akatoa vijarida vya kuueleza umma upande wa wenye migodi, navyo vikakutwa na makosa, mojawapo ni mapato ya viongozi wa chama cha wafanyakazi kutiwa chumvi. Tume ya serikali ilipomuuliza alifanya juhudi gani kuhakiki aliyopewa, alijibu kwamba hakufanya yoyote.

Huyu ndiye kielelezo chetu cha habari za kweli! Nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo, kwa maana jibu lake lilikuwa jibu langu. Hata mimi sikuwahi kuhakiki.

Kidato cha tatu hakihitaji maneno mengi. Mwaka 1929 Bernays alipowatoa wanawake wavute sigara barabarani New York siku ya Pasaka, kwa faida ya kampuni ya tumbaku, alikuwa amekwisha kumwendea mtaalamu wa saikolojia kuuliza sigara ina maana gani kwa mwanamke. Alisikiliza kwelikweli. Mvuvi naye humsikiliza samaki.

Ndipo nilipoona pengo. Ngazi hii hupima maneno yanaelekea upande gani, haiulizi ni nani anayemlipa msemaji, wala kama msemaji amehakiki. Tena haina nafasi kwa mambo yetu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, kijitabu mkononi, kisha wakajadili maji yao, mbu wao na vyoo vyao. Vyoo vikachimbwa. Somo lilitungwa na wakubwa mbali na kijiji, lakini uamuzi wa kushika jembe ulifanywa na kikundi. Na mwaka huohuo kuhamia vijijini kukaacha kuwa hiari, kukawa amri. Serikali ni hiyohiyo, na sauti zake mbili. Katika mihula yote sikusikia kampeni hiyo ikitajwa. Nilipopendekeza kuiandikia tasnifu, msimamizi wangu aliuliza swali moja tu: iko katika mtindo upi? Nikaiweka katika wa nne ili nipite. Nilipita.

Nilirudi ofisini na shahada yangu. Haukupita muda maji yakakatika mitaa kadhaa, kwa sababu pampu iliungua na fedha za kununulia nyingine zilikuwa zimetumika kwingine. Mkuu akaniita, akasema, “Andika ni matengenezo ya kawaida.” Nikaandika. Kiswahili chake kilikuwa safi.

Siku ya tatu mama mmoja alifika dirishani na tangazo langu mkononi, amelibandua ukutani.

“Samahani, baba. Haya matengenezo yanafanyika wapi? Nimezunguka na ndoo tangu juzi, sijamwona fundi hata mmoja.”

Nilimjibu kwamba suala lake limepokelewa na litafuatiliwa. Kwa mujibu wa kitabu, hayo yalikuwa mawasiliano ya njia mbili.

Alilikunja tangazo vizuri, akaliweka mbele yangu, akabeba ndoo yake.