Mtendaji Aliyefichwa

Kiingereza kina vishazi visivyotaja mtendaji. Katika sentensi "Walking to Kisaki, the rain caught him," kitenzi cha mwanzo hakina nafsi. Msomaji huitafuta mbele, akakuta mvua imekaa mahali pa msafiri. Walimu wa sarufi huliita kosa. Mshairi aweza kulitaka hasa, mtu na mvua waingie pamoja katika mji ule wa Morogoro.

Kiswahili humdai mfasiri uamuzi. "Mvua ilimkuta akienda Kisaki": kiambishi *a-* kimemtaja msafiri. Akiandika "ikienda", safari ni ya mvua. Zote mbili kwa neno moja hazipatikani. Mwalimu Nyerere, aliyefasiri *Julius Caesar* ya Shakespeare mwaka 1963, na kila aliyemfuata, alikutana na mlango huo.

Huo si ufukara wa lugha. *-Ki-* ina fumbo lake: "akifika Kisaki" yaweza kuwa sharti, yaweza kuwa tukio. Kiingereza humficha mtu. Kiswahili humtaja, kikaacha shaka iwapo amefika. Mfasiri asiyepima mafumbo haya mawili huhifadhi maana, akapoteza shairi.