Ubovu Unaokubali Kurudi

"Gari linamisi." Maneno hayo mawili yanatosha kumfikisha mwenye gari gereji, lakini hayamfikishi fundi popote. Chukua Peugeot 504 yenye kabureta, gari lililotoka mwaka 1968, ambalo jina lake lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Likianza kukohoa, chanzo kinaweza kuwa plagi, waya, pointi, petroli chafu, gasketi au valvu iliyoungua, na sikio la mpita njia litasikia kikohozi kilekile. Kukitafuta chanzo hicho ni ufundi unaostahili heshima sawa na ya mchonga milango wa Lamu. Kinachoupa heshima hiyo ni mpangilio wa maswali: lipi litangulie, lipi lisubiri, na jibu lipi lisiaminiwe mpaka lijaribiwe mara ya pili. Wepesi wa mikono huja baadaye.

Swali la kwanza ni la mdundo. Injini ya silinda nne ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, kwa mizunguko kama 900 kwa dakika, hupiga moto mara 30 kila sekunde, silinda zikipokezana kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Hakuna sikio linaloweza kuhesabu milipuko 30. Tunaisikia kama sauti moja ndefu. Silinda moja ikilala, pengo hujirudia palepale, mara saba na ushee kwa sekunde, na sauti inageuka kuwa ya mtu anayechechemea. Weka kiganja nyuma ya mdomo wa eksozi, upungufu huo utausikia kwenye ngozi: pumzi, pumzi, pumzi, kisha tupu. Pengo linalokuja kwa zamu ni la silinda moja, na plagi yake, waya wake, valvu zake. Pengo lisilo na zamu hutoka kwenye kitu kinachotumiwa na silinda zote: koili, pointi, kondensa, kabureta, au petroli yenyewe. Spana haijashikwa bado, na nusu ya washukiwa wameshaachiwa.

Ikiwa ni silinda moja, hutafutwa kwa njia inayonivutia kwa mantiki yake. Nyaya za plagi huchomolewa mmoja mmoja injini ikinguruma, kwa koleo lenye mpini wa mpira mzima, maana umeme wa humo ni wa maelfu mengi ya volti. Ukichomoa wa silinda inayofanya kazi, injini inayumba na kushuka. Ukichomoa wa silinda iliyolala, hakuna kinachobadilika. Mtumbwini, mvivu wa kasia hugundulika siku asipokuja, mwendo ukabaki uleule.

Hapo plagi hufunguliwa na kusomwa. Silinda inahitaji cheche kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, na mbano wa kutosha, na plagi ni shahidi aliyekaa ndani muda wote. Kauri yake ikiwa na rangi ya biskuti, mambo ni mazuri. Masizi makavu meusi yanasema petroli imezidi. Weusi unaong'aa wa oili unasema ringi za pistoni au shina la valvu linapitisha. Weupe wa chokaa unasema hewa au joto limezidi. Ikiwa imelowa petroli mbichi, petroli ilifika na cheche haikufika. Na mbano ukipimwa ukakutwa mdogo, kijiko kimoja cha oili humiminwa kwenye tundu la plagi, kisha kipimo kinarudiwa. Kikipanda, oili imeziba mvujo wa kwenye ringi. Kikibaki chini, mvujo uko juu, kwenye valvu. Swali la kama injini ifunguliwe chini au juu, lenye gharama kubwa kuliko yote, linajibiwa kwa kijiko cha oili!

Jibu likiwa valvu, mara nyingi lina historia. Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli ilikinga pia viti vya valvu. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia Januari 2006, na afya za watoto zilistahili uamuzi huo hata ungekuja mapema zaidi. Lakini injini za kale zisizo na viti vigumu zilibaki bila kinga: kiti kinalika, nafasi ya valvu inapungua, valvu haifungi sawasawa, mwishowe inaungua, na silinda yake inalala.

Swali linalofuata ni lini. Gari linalokohoa sailensa kisha likatulia barabarani linaelekeza kwenye hewa inayoingia kwa wizi, pengine kwenye gasketi ya manifoldi. Sailensa, kabureta hupitisha hewa kidogo mno, hivyo hata tundu dogo linaharibu uwiano. Mafuta yakikanyagwa, hewa halali inakuwa nyingi hadi ile ya wizi haina uzito tena. Gari linalotulia sailensa likakatakata mlimani linasema jingine: silinda imejaa, hewa iliyobanwa ni nzito, na cheche dhaifu inashindwa kuiruka, au petroli haifiki kwa wingi. Mwambao, hewa ya chumvi hula ncha za nyaya, na asubuhi ya masika umeme hutafuta njia ya mkato kupitia ufa mwembamba kama unywele kwenye kifuniko cha distribyuta. Ubovu huu haufai kutafutwa mchana. Usubiri usiku, zima taa, fungua boneti injini ikinguruma, utaona cheche za buluu zikitambaa juu ya kifuniko na kando ya nyaya, kama vimulimuli waliofungwa kamba.

Wapo wanaosema yote haya ni kupoteza muda: badilisha plagi, nyaya, pointi na kondensa kwa pamoja, gari liondoke. Hoja yao ina nguvu kuliko inavyokubaliwa na wapenda ufundi. Vitu hivyo huchakaa, na ukarabati wa kawaida huvibadilisha kwa kipindi chake. Mwenye gari ana abiria wanaomngoja, na mafundi wengi hulipwa kwa spea walizofunga, si kwa fikra zilizowachosha. Lakini vitu vinne vikibadilishwa pamoja injini ikapona, hakuna ajuaye kilichoiponya. Kikohozi kikirudi baada ya wiki, mtu anaanza upya, safari hii akiwa na mfuko mtupu. Na spea mpya inaweza kutoka dukani ikiwa mbovu, kisha ikawa ya mwisho kushukiwa kwa sababu tu inang'aa. Kubadilisha kitu kimoja kisha kusikiliza kunaonekana kuchelewa, lakini ndiyo njia inayomwachia fundi ujuzi wa kutumia kwa gari lijalo.

Wengine wanasema mashine ya kusoma kompyuta ya gari imemaliza kazi hii. Magari mapya ya Marekani yalilazimishwa kuwa na mfumo wa pamoja wa kusomwa tangu toleo la 1996, na alama P0301 itamwambia fundi kwamba silinda ya kwanza inamisi. Msaada huo ni mkubwa, nami siubezi. Ila ni msaada wa balozi wa nyumba kumi: amekuonyesha nyumba, hajakuambia nani ndani yake ana kosa. Plagi, koili, mbano na petroli bado vinangoja kuulizwa kimoja kimoja.

Hoja ngumu zaidi inatoka gereji penyewe: kwamba fundi mkongwe hahitaji mpangilio wowote, sikio lake linatosha. Sikio hilo ni hazina, lakini linatoa dhana, na dhana inaweza kupotoka. Kondensa ndiyo mfano wangu. Ni kikopo kidogo cha bati kinachotoshea kiganjani, sehemu ya mfumo wa koili na pointi ambao Mmarekani Charles Kettering aliufikisha kwenye Cadillac za 1910. Pointi zinapoachana, kondensa humeza umeme ambao ungeruka kati yake. Ikichoka, huwa nzima ikiwa baridi na mbovu ikipata moto, na mlio wake unafanana sana na wa gari linalokosa petroli. Sikio linasema kabureta. Kabureta inafunguliwa, jeti zinapulizwa, gari linapoa wakati huohuo, linawaka vizuri, na kila mtu anaridhika mpaka kilomita ya kumi.

Fundi ninayemsifu hufungua kifuniko, akaona cheche za manjano zikirukaruka kwenye pointi zilizoungua, akazisafisha na kufunga kondensa nyingine. Injini inatulia. Mwenye gari ameshashika funguo, lakini fundi anamwomba asubiri. Anaifungua ile mpya na kuirudisha ya zamani, anawasha, anaiacha injini ipate moto. Ikiendelea kutulia, basi kilichoiponya ni usafi wa pointi, au waya uliokazwa kwa bahati, na kazi bado ipo. Lakini injini inapata moto, inaanza kukohoa kwa kikohozi kilekile cha asubuhi. Anazima, anaifungua kondensa ya zamani kwa bisibisi, na safari hii anaitupa.