Jalada la Wilaya na Kauli ya Mzee

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetafiti historia ya Meru hukimbilia majalada ya wilaya yaliyohifadhiwa Nairobi. Majalada hayo ni chanzo cha msingi, lakini si shahidi asiye na upande. H. E. Lambert, mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, alilitumia baraza la wazee, Njuri Ncheke, katika utawala, na ndiye aliyeandika habari zake. Amsomaye yeye peke yake huliona baraza kwa jicho la serikali.

Kwa upande wa Embu, H. S. K. Mwaniki alifanya jambo la maana alipochapisha Embu Historical Texts mwaka 1974. Humo mna simulizi za wazee zenyewe, si muhtasari wa mtafiti, hata msomaji aweza kuzipima na kumpinga mkusanyaji. Hata hivyo, zimetolewa kwa Kiingereza, na neno la Kiembu likishafasiriwa halipimiki tena.

Hapo ndipo zinapohusika idara za lugha. Mwanafunzi aendaye Igembe au Runyenjes hana budi kuinakili kauli ya mzee katika lugha yake kwanza, tafsiri ifuate. Mzee akishazikwa, tafsiri haina wa kuisahihisha.