Manahodha Wengi na Chombo Kimoja

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo, ukizitazama juu juu, zinagombana. Moja yasema: Penye wengi hapaharibiki neno. Ya pili yasema: Manahodha wengi chombo huenda mrama. Mtu atauliza, tushike ipi? Leo nataka kuzipima methali hizi kwa kitabu kimoja kilichoingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi, nacho ni kamusi elezo ya Kiswahili iitwayo Wikipedia.

Nimeiita kitabu ingawa haina jalada wala karatasi. Ilianzishwa 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000. Ajabu yake ni kuwa haina mwandishi mmoja. Kila apendaye huandika, na kila apendaye husahihisha alichoandika mwenziwe, na wote hao hawapati ujira. Watoto wetu huisoma katika simu wanapopewa kazi na walimu wao, na sisi wakubwa huisoma vile vile, ijapokuwa hatusemi.

Kabla ya kuihukumu, nisimulie jambo lililotupata hapa Gerezani. Siku moja baada ya sala ya Alasiri tulikuwa barazani na kahawa yetu, akaja mjukuu wa jirani na daftari lake. Mwalimu alimwambia aandike habari za mtaa wake. Alikuwa amenakili, sijui wapi, kwamba jengo la Soko la Kariakoo tulionalo lilijengwa na Wajerumani. Tulicheka. Mzee mmoja akasema, "Uongo huo! Mimi nimeliona likijengwa kwa macho yangu haya." Mtoto akauliza kwa adabu, "Basi babu, niandike mwaka gani?" Mzee akajibu 1974. Mwingine akasema, la, ni 1976. Wa tatu akasema mambo hayo tuwaachie wenyewe wa serikali. Mtoto akangoja kidogo, kisha akaenda zake, na daftari likabaki vile vile.

Na ukweli wa jambo lenyewe si mgumu kuujua. Wajerumani walijenga banda la soko pahala pale kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakapafanya kambi ya wapagazi wa jeshi, waliojulikana kwa jina la Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Baada ya vita banda likawa soko. Jengo la leo ni jingine kabisa. Lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na likafunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975. Hata yule mzee wa 1974 hakuwa mbali, kwani sheria iliyounda Shirika la Masoko ya Kariakoo ni ya mwaka huo. Aliyeandika alichanganya majengo mawili. Sisi tuliokuwa barazani tulilijua kosa lake, na hatukuweza kumpa mtoto neno moja la yakini badala yake. Nimelifikiri sana jambo hili, na naona aibu ya siku ile ilikuwa yetu zaidi kuliko ya yule aliyeandika.

Sasa turudi kwenye kamusi elezo, na tuanze kwa insafu. Kitabu cha kawaida kikichapishwa na kosa, kosa hilo hukaa mpaka chapa nyingine itoke, na pengine haitoki. Katika kamusi elezo kosa laweza kufutwa siku ile ile. Tena kila badiliko limeandikwa tarehe na saa yake na jina alilojipa mwandishi, wala maneno ya zamani hayapotei. Ukitaka kuona ukurasa ulikuwaje mwaka jana, utauona. Kila makala ina pahala pa majadiliano, ambapo wanaokhitilafiana huelezana hoja zao. Na wako walinzi, waitwao wakabidhi, wenye uwezo wa kufuta maneno ya upuuzi na kuwazuia waharibifu. Waliosema mali bila daftari huisha bila habari wangelipenda daftari kama hili.

Lakini daftari peke yake haliifanyi biashara kuwa ya halali. Makosa niyaonayo ni matatu.

La kwanza ni kupenda hesabu. Kati ya 2009 na 2010 kampuni ya Google ilifanya mashindano ya kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo wa Kenya na Tanzania, na washindi wakapewa zawadi. Makala ziliongezeka kwa mamia, lakini zawadi zilipokwisha wengi wa waandishi hawakuonekana tena. Anayeandika kwa ajili ya zawadi huacha kazi siku zawadi inapokwisha, na kurasa zake hubaki mayatima. Kadhalika kata nyingi za Tanzania zina kurasa zilizotoka katika kalibu moja: jina la kata, wilaya yake, namba ya posta, na idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Hayo si uongo. Lakini mtu wa Gerezani akiusoma ukurasa wa namna hiyo hajioni ndani yake. Haoni bandari wala reli iliyo jirani, haoni mafundi wa vyuma, haoni misikiti wala madrasa, wala haambiwi neno gereza limetokana na Kireno, na kwamba kwa Wareno lilikuwa na maana ya kanisa.

Hatari ya kupenda hesabu imeonekana kwa wengine. Agosti 2020 iligunduliwa kuwa kamusi elezo ya lugha ya Kiskoti, lugha ya watu wa Scotland, ilikuwa na makala zaidi ya 20,000 zilizoandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza angali mtoto, wala hakukusudia ubaya. Alichukua maneno ya Kiingereza akayapinda yafanane na Kiskoti, na kwa miaka mingi walimwengu wakasoma wakidhani ndivyo Waskoti wasemavyo. Na mwaka 2025 ikaamuliwa kamusi elezo ya lugha ya Greenland ifungwe, kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi yake ilifasiriwa kwa mashine na watu wasioijua lugha. Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko lugha hizo, lakini wingi huo hautatulinda ikiwa wasemaji wenyewe hawasomi kilichoandikwa kwa jina lao. Niya njema ni sharti la amali, lakini niya peke yake haimfanyi asiyejua kuwa mjuzi.

Kosa la pili ni habari isiyo na sanad. Hapa sisi Waislamu tuna haki ya kusema, kwani elimu hii tumeizoea. Abu Bakr (r.a.) alipomwamrisha Zayd bin Thabit aikusanye Qur'ani, Zayd alikuwa ni hafidh, na alikuwa katika waandishi wa wahyi. Angaliweza kukaa chini akaandika yaliyo kifuani mwake. Hakufanya hivyo. Aliyatafuta maandishi katika makuti na mawe na katika vifua vya watu, akalinganisha hili na lile. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alisafiri nchi kwa nchi akiwachunguza wapokezi wa Hadithi: nani kasikia kwa nani, je walikutana, je alikuwa mkweli, je hifadhi yake ilikuwa nzuri. Mpokezi asiyejulikana, majhul, riwaya yake haikutegemewa hata ikiwa maneno yake ni matamu.

Ukitumia mizani hiyo utaona kamusi elezo imejaa majhul. Mwandishi hujipa jina alipendalo, na humjui ni profesa au mtoto wa skuli. Wenyewe wanalijua hilo, na kanuni yao ni kuwa usiaminiwe wewe, bali liaminiwe andiko unalolionyesha: kitabu, gazeti, hesabu ya serikali. Hiyo ni kanuni njema. Basi msomaji na aitumie. Akiona jambo zito limeandikwa na halina marejeo chini yake, alihesabu kama habari iliyokatika sanad, asiinakili katika daftari wala asiipeleke kwa watu. Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 6, inatufundisha kuzichungua habari kabla ya kuzitendea kazi, kwa kuchelea kuwadhuru wasio na hatia.

Na madhara hayo si ya kubuni. Mwaka 2005 mtu mmoja wa Marekani, kwa mzaha, aliandika katika kamusi elezo ya Kiingereza kwamba mwandishi wa habari John Seigenthaler aliwahi kushukiwa kuhusika na kuuawa kwa Rais Kennedy. Uongo huo ulikaa zaidi ya miezi minne kabla ya kuondolewa. Mtume (s.a.w.) ametubainishia kuwa kumtaja nduguyo kwa baya alilonalo ni ghiba, na kumtaja kwa asilokuwa nalo ni buhtani. Buhtani ya barazani husikiwa na watu kumi, na hii ilisomwa ulimwengu mzima. Kadiri sauti inavyofika mbali ndivyo dhamana ya msemaji inavyozidi.

Kosa la tatu ni habari iliyokufa ikaachwa bila kuzikwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo, na hesabu ya waliofariki ikawa inaongezeka siku kwa siku kadiri waokoaji walivyofukua. Aliyeandika hesabu ya siku ya kwanza alisema kweli. Lakini akiiacha hapo bila tarehe, kweli yake inageuka uongo siku ya pili, na familia iliyompoteza mtu siku ya tatu itaona maiti wao hakuhesabiwa. Kadhalika Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji, na Agosti 2022 ikafanywa sensa mpya. Kila ukurasa wa kata zetu uliotangulia mambo hayo wahitaji mtu wa kuurudia. Kuandika ni kama kupanda mti. Anayepanda elfu asimwagilie hata mmoja asiseme ana shamba.

Nani basi wa kumwagilia? Hapa ndipo lawama inaporudi barazani kwetu. Kanuni ya kutaka andiko ina ugumu kwa watu kama sisi, kwa kuwa mengi tunayoyajua yamo vifuani na makashani. Nani alikuwa imamu wa kwanza wa msikiti fulani, nani alitoa kiwanja wakfu, madrasa gani ilihamishwa nyumba zilipovunjwa: hayo wanayo wazee, na kila mwaka tunawazika pamoja nayo. Sheikh Abdulla Saleh Farsy aliliona jambo hili. Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake cha habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na kwa kazi hiyo ya mtu mmoja, masheikh wengi wana andiko la kutegemewa hata leo. Gerezani na Kariakoo hazijapata Farsy wao. Basi tusishangae wageni wakituandika mistari miwili.

Wako wanaosema, "Mimi sipendi kumsahihisha mtu mbele za watu, ni kumvunjia heshima." Hofu hiyo ina asili njema lakini imewekwa si pahala pake. Wanavyuoni waliowapima wapokezi wa Hadithi walisema wazi kuwa fulani hifadhi yake ni dhaifu na fulani si wa kutegemewa, na hawakuhesabu hiyo kuwa ghiba, kwa kuwa walikuwa wanailinda dini. Kinachotakiwa ni adabu yake: sahihisha neno, usimtukane aliyeliandika; onyesha ushahidi; na ukionyeshwa wewe ndiye uliyekosea, kubali. Anayefuta maneno ya mwenziwe kwa ubishi tu, kwa kuwa hakupenda kabila lake au madhehebu yake, huyo si msahihishaji bali ni mharibifu mwingine.

Napendekeza mambo matatu mepesi kwa kila nyumba. Kwanza, mtoto asinakili habari mpaka aonyeshe imetoka wapi, na mzazi amuulize kila siku mpaka iwe tabia yake. Pili, tuyaandike ya wazee wetu sasa, na katika kila habari tutaje jina la msimulizi na tarehe aliyosimulia, kisha kamati za misikiti na madrasa wayachapishe, japo kwa kijitabu cha kurasa ishirini, ili yawe andiko la kushikwa. Tatu, vijana wanaojua kuandika vizuri wajitolee kulinda kurasa chache za pahala wanapopajua. Kijana mmoja akizilinda kurasa tano kwa uaminifu, kazi yake ni bora kuliko kuzaa kurasa mia za kutupwa.

Mimi nilikwenda kutafuta mwaka wa soko, nikaupata, nikamwita yule mtoto nikamwambia: Desemba 1975. Alikata mstari wa zamani akaandika upya. Kisha akaniangalia akauliza, "Na wewe babu, umeyasoma wapi?" Nilifurahi kuulizwa hivyo kuliko nilivyofurahi kuupata mwaka wenyewe.

Methali zetu mbili, basi, hazigombani. Wengi walioketi wakashauriana na kila mmoja akaleta ushahidi wake, hapo hapaharibiki neno. Wengi walioushika usukani kila mmoja akavuta kwake, na asiwepo wa kutazama maji, hao watakipeleka chombo mwambani. Kamusi elezo ni chombo chetu, abiria wake ni watoto wetu. Tusikae ufukoni tukicheka namna kinavyokwenda.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli wa ndimi na kalamu, na atuepushe na kusema tusiyoyajua. Amin.