Ngata ya Tangi

Kabla sijajua pikipiki nilijua kutwika. Nikiwa darasa la pili tayari nilikuwa nateka maji na kupanda nayo kilima, ndoo kichwani. Mama hakunifundisha kutembea na ndoo. Hilo miguu hujifunza yenyewe. Alinifundisha kusokota ngata. Alichukua kipande cha kanga kuukuu, akakikunja kwa urefu, akakisokota kama kamba, kisha akakizungushia vidole vyake vinne na kuchomeka ncha kwa ndani. Akaiweka ile ngata utosini pangu, akaibonyeza, akaigeuza kidogo, akaibonyeza tena. "Shingo ikiuma," alisema, "usiilaumu ndoo. Itazame ngata."

Ngata ikikaa sawa, ndoo hutulia. Shingo hugeuka kumtazama anayekuita, mikono huning'inia huru, nawe huwaamkia wakubwa njiani bila tone kumwagika. Ngata ikikosewa, hata ndoo nusu ni adhabu.

Leo mimi ni afisa ugani wilayani Kilolo, mkoani Iringa, na mzigo wangu hauko tena kichwani. Uko juu ya tangi la pikipiki, mbele ya kifua changu, ndani ya begi la turubai. Kila alfajiri ninapolikaza mikanda namsikia mama. Ufundi wa kubeba huanzia chini ya mzigo, na begi la tangi limenifundisha jambo hilo upya, kwa gharama na kwa furaha.

Mwenye pikipiki ana mahali patatu pa kuweka mzigo. Pa kwanza ni mgongoni, lakini Kilolo ni wilaya ya kupanda na kushuka, na begi la mgongoni hukaa mabegani kutwa nzima likivuta nyuma kila unapoongeza mwendo. Pa pili ni keria. Hapo ndipo pa magunia na matenga ya nyanya za Ilula. Ila mzigo mzito uliosogea nyuma ya gurudumu la nyuma huliinua la mbele kidogo kidogo, na gurudumu la mbele likiwa jepesi halishiki tena changarawe. Pa tatu ni tangini, katikati ya magurudumu mawili, karibu na shingo ya pikipiki.

Walioibuni pikipiki hawakuliweka tangi pale kwa bahati. Petroli ni mzigo unaobadilika njiani. Lita moja ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, hivyo tangi la lita 11 likijaa linabeba kilo nane na ushei, na kidogo kidogo karibu zote hutoka kwa moshi. Dereva hayumbi, kwa sababu uzito huo hupungua palepale karibu na kitovu cha chombo. Basi begi la kilo tatu au nne likikaa hapo, linakaa mahali palipozoea kujazwa na kupunguzwa. Pikipiki hailistukii.

Maafisa ugani wengi nchini tuligawiwa pikipiki mwaka 2022. Mimi nilikuwa na daftari, vifaa vya kupimia udongo, chupa ya maji na koti la mvua, na nikaenda kwenye mitumba ya Iringa mjini kutafuta begi. Nililipata jeusi, lenye mifuko mingi, na mabawa mawili yenye sumaku. Nililichagua kama mtu anavyochagua gauni: nililitazama begi, sikulifikiria tangi. Sumaku zilinata vizuri kwa kuwa tangi langu ni la bati. Kitako chake kilikuwa mpira mnene, bapa, uliolala juu ya kifuniko cha mafuta kama mkeka. Wiki za mwanzo, nikiwa na safari fupi na mzigo mwepesi, nililisifia kwa kila mtu.

Siku ya kulijua ilikuwa ya mlima Kitonga. Nilikuwa nimeshuka Ruaha Mbuyuni kuonana na wakulima wa vitunguu, nikarudi begi limejaa hadi zipu inalalamika. Pale Kitonga barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya hupanda ukuta wa mlima kwa kona juu ya kona, na malori hutambaa kama kobe. Katikati ya mlima injini ikakohoa, ikazima. Niliisukuma kando, nikasubiri, ikawaka. Nikaenda mita mia kadhaa, ikazima tena. Niliikagua plagi, ilikuwa nzuri. Nilitikisa tangi, mafuta yalikuwamo. Malori yalinipita moja moja, na sikuwashangaa madereva wake: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Aliyesimama ni kijana wa bodaboda.

"Shikamoo mama. Imegoma?"

"Marahaba mwanangu. Inawaka, inazima."

Hakuomba spana. Alilibandua begi, akaliweka juu ya jiwe, akafungua kifuniko cha tangi. Tangi likavuta hewa kwa sauti, kama mtu aliyeibuka kutoka kina cha maji. Kijana akanitazama kwa upole. "Mama, ulikuwa umeliziba pumzi."

Kwenye kifuniko cha mafuta pana tundu dogo ambalo wengi hatulioni maisha yetu yote. Katika pikipiki ya kabureta kama yangu, petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe, na kila tone linalotoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Tundu likizibwa, tangi huanza kuyanyonya mafuta yake lenyewe, na kabureta hubaki na kiu huku mafuta yapo. Ukisimama, hewa hupenya polepole, injini huwaka, nawe unadhani umepona. Uzito wa begi siku ile ulikuwa umeukandamiza mpira juu ya tundu, na mlima ulikuwa unadai mafuta mengi kuliko njia tambarare. Nilipanda Kitonga begi likiwa mgongoni, nikiwaza ngata. Kwa miaka yote niliyotwika, ndoo haikuwahi kuninyima hewa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa fundi wa viatu na mabegi, karibu na soko la Iringa mjini, kushonewa begi lingine. Ningependa kila mtu mwenye kazi ya mikono amwone mzee yule akifanya kazi. Hakuniuliza nataka rangi gani. Aliuliza kitu gani hutoka begini mara nyingi kuliko vyote, kama huwa nasimama juu ya vikanyagio kwenye njia mbovu, na nikikaa kwenye pikipiki tumbo langu linafika wapi. Kisha akatandaza gazeti juu ya tangi, akalipapasa kwa viganja mpaka likashika umbo, akafuata kingo kwa chaki. Akageuza usukani kulia hadi mwisho, akatia alama. Akaugeuza kushoto hadi mwisho, akatia alama. Kilichobaki kati ya alama mbili, akasema, ndiyo nchi ya begi. Nje ya hapo ni nchi ya usukani, na begi halina ruhusa.

Akanikalisha, akaniambia niiname kama mtu anayepanda mlima. Akapima kwa shibiri kutoka tangini hadi kifuani, akapunguza vidole vinne. Begi likizidi hapo, alisema, litaziba saa ya mwendo, litasukuma tumbo wakati wa breki, na siku ya ajali kifua ndicho kitakacholigonga kwanza.

Halafu akafanya nililokuwa sijui kwamba nalingoja. Alichukua sponji ngumu ya soli za kandambili, akakata vipande viwili virefu, akavishona chini ya kitako, kimoja kushoto na kingine kulia. Katikati akaacha mfereji wazi, unaopita juu ya kifuniko kutoka mbele hadi nyuma. Upepo ungeingia huku utokee kule. Juu ya sponji akavisha ngozi laini, upande wenye manyoya nje, ili begi lishike tangi bila kuteleza na bila kukwangua rangi. Nilimwambia, "Mzee, hiyo ni ngata." Akaitikia kwa kichwa, uzi mdomoni, na kuendelea kushona.

Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa begi ni pale mkanda unapokutana na kitambaa. Pale fundi alipita mara mbili kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, akachora mraba, kisha akaukata kwa mistari miwili ya msalaba, ili mvuto usiangukie mshono mmoja. Zipu aliweka ya meno makubwa ya plastiki, akaishonea ulimi wa turubai wa kuikinga na vumbi, na akanipa kipande cha mshumaa: nikipitishe kwenye meno kila mwezi.

Kulifunga ni nusu ya pili ya ufundi. Mkanda wa mbele huzunguka shingo ya pikipiki, pale usukani unapokutana na fremu. Lazima ukumbatie chuma tu. Ukikumbatia waya wa klachi, waya wa mafuta au bomba la breki, umefunga mshipa wa mnyama aliye hai. Mikanda miwili ya nyuma hushuka kila upande na kushika fremu chini ya kiti, siyo plastiki ya ubavuni, inayokatika kwa mvuto wa siku moja. Fundi hakuniruhusu kuondoka kabla ya jaribio. Aliisimamisha pikipiki kwenye stendi, akawasha injini, akaiacha ikinguruma polepole, kisha akageuza usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, sikio lake likiwa karibu na tangi. Sauti ya injini ikipanda usukani unapogeuka, waya wa mafuta unavutwa, na siku moja kwenye kona pikipiki itaongeza mwendo bila amri yako. Haikupanda. Akabonyeza honi, akalegeza klachi, akaniambia, "Sasa mzigo umejua mipaka yake."

Kwenye barabara kuu ile ile ya Kitonga hupita wasafiri wa pikipiki kubwa, wanaotoka kaskazini ya Afrika kwenda kusini. Mmoja alisimama Ilula kununua nyanya, nami nikaenda moja kwa moja kulitazama begi lake. Halikuwa na mkanda wala sumaku. Pikipiki nyingi za aina hiyo zina tangi la plastiki au la alumini, na hapo sumaku ni kipande cha chuma tu. Begi lake lilinasa kwenye duara la plastiki lililokazwa kwa skrubu kuzunguka mdomo wa tangi. Lilikuwa la Givi, kampuni aliyoianzisha Giuseppe Visenzi huko Brescia, Italia, mwaka 1978. Mtu huyo mwenyewe alikuwa mwendesha mashindano, na mwaka 1969 alimaliza wa tatu duniani katika daraja la cc 350. Nililitazama lile duara kwa muda mrefu. Linaliinua begi lisiguse rangi wala kifuniko, na ukibonyeza kitufe begi hutoka lote wakati wa kujaza mafuta. Nilicheka kwa furaha. Ng'ambo nako wamesokota ngata. Mwenye kulifunga duara hilo, mgeni yule alinieleza, huziba kwanza mdomo wa tangi kwa kitambaa, maana skrubu ikitumbukia humo kuitoa ni kazi. Na hukaza kwa vidole kisha kidogo tu kwa bisibisi, kwa sababu nyuzi za alumini huliwa upesi.

Yaliyobaki ni adabu ya kila siku. Asubuhi naufuta mgongo wa tangi kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa vumbi lililolala chini ya begi, likitikiswa kutwa, ni msasa. Spana na pampu naziweka chini kabisa na mbele, nimezifunga kwenye kitambaa. Hakuna chuma kinachoelekea tumboni kwangu. Juu yake daftari na vifaa vya udongo, kisha maji, na juu ya yote koti la mvua, kwa kuwa mvua za Kilolo hazipigi hodi. Sumaku zikiwapo begini, kadi ya benki hukaa mfukoni mwako. Nikifika sheli nafungua mikanda ya nyuma tu, naliinamisha begi mbele, najaza, nalirudisha, nakaza. Na kabla ya kuondoka nageuza usukani, kulia, kushoto.

Wiki iliyopita nilikuwa nateremka kijiji kimoja cha bondeni wakati wa watoto kutoka kisimani. Kwenye kona nyembamba nilikutana na binti wa miaka tisa hivi, ndoo kichwani, maji yamejaa hadi ukingo na jani moja likielea juu yake. Nilipunguza mwendo, nikageuza usukani hadi karibu na mwisho kumpisha. Akageuza shingo kunitazama. "Shikamoo mama," alisema, bila kuigusa ndoo.

"Marahaba mwanangu," nilimjibu, bila kuligusa begi.