Neno Moja, Makundi Mawili: Fumbo la Kila Siku Likisomwa Doornfontein

Fumbo la makundi ya maneno, ambalo gazeti la The New York Times lilianza kulitoa mwaka 2023 kwa jina la Connections, lina kanuni fupi. Mchezaji hupewa maneno 16 ayagawe katika makundi manne ya maneno manne manne; akikosea mara nne, mchezo umekwisha. Muundo huo si mpya: kipindi cha Only Connect cha BBC, kilichoanza mwaka 2008, kina ukuta wa vidokezo 16 unaofanana nao sana. Linalostahili kuhakikiwa ni dai lililojificha ndani ya kanuni, kwamba kila neno lina mahali pamoja tu panapolifaa.

Kiswahili kinalipima dai hilo vizuri. Tutazame maneno haya: tembo, kinu, paa, kitenge, mbuzi, dari, punda, kanga, mwiko, twiga, kikoi, ukuta, sufuria, nyati, kaniki, mlango. Kwa haraka tunaona wanyama na ndege saba, ilhali kundi linataka wanne. Suluhisho ni kumwondoa mbuzi zizini na kumpeleka jikoni kukuna nazi, kumpandisha paa juu ya nyumba, na kumkunja kanga pamoja na vitenge. Raha ya fumbo imo katika uhamisho huo.

Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili hapatwi na utata huu katika mazungumzo. Husema "paa huyu" au "paa hili", "kanga huyu" au "kanga hii", na upatanisho wa kisarufi humaliza shauri. Neno hujulikana kundi lake kwa majirani zake katika sentensi. Fumbo hulifanya neno kuwa gumu kwa kulinyang'anya majirani hao, kisha humtaka mchezaji ayarudishe kwa kubahatisha. Kwa hiyo hupima zaidi ya msamiati: hupima kama mchezaji amekulia miongoni mwa majirani hao. Mswahili aliyesoma Kiingereza hadi chuo kikuu anaweza kushindwa na kundi la bidhaa za madukani au michezo ya Marekani, si kwa uchache wa lugha, bali kwa kuwa hakulelewa huko.

Swali la kundi lina uzito wa pekee likiulizwa Doornfontein, mtaa wa Johannesburg ambao jina lake lina maana ya chemchemi ya miiba. Mwanzoni matajiri wa migodi walijenga majumba hapo. Baadaye wakaja wahamiaji Wayahudi. Na katika miaka ya 1920 na 1930 nyua zake zilijaa wafanyakazi Waafrika wa lugha mbalimbali. Mwanaanthropolojia Ellen Hellmann aliuchunguza ua mmoja, Rooiyard, mwaka 1933 na 1934. Riwaya ya Modikwe Dikobe, The Marabi Dance (1973), imejengwa juu ya maisha ya nyua hizo, ambamo muziki wa marabi ulistawi.

Mwaka 1950 serikali ya ubaguzi ilipitisha sheria ya kuandikisha wakazi kwa mbari na sheria ya kugawa maeneo kwa makundi. Kila mtu alipaswa kuwa na kundi moja. Penseli iliweza kupitishwa katika nywele ili kuamua, na ndugu wa familia moja wakajikuta katika makundi tofauti. Sheria ya uandikishaji ilifutwa mwaka 1991. Sisemi kwamba mchezo wa asubuhi ni sawa na dhuluma hiyo. Nasema kwamba vyote viwili vinategemea wazo moja, kwamba kitu kinaweza kujulikana sawasawa baada ya kutengwa na jamaa zake. Na katika mtaa huu wazo hilo lina historia.

Mapokeo yetu yana mchezo wa aina nyingine. Mtegaji wa kitendawili akiona hadhira imeshindwa, husema "nipeni mji", nao humpa Mombasa, Tabora au mji wowote walio nao, kisha hutoa jibu. Kushindwa kuna adhabu, lakini adhabu yenyewe ni mazungumzo: anayeshindwa hutaja mahali, na jibu humfikia kutoka kinywani mwa mtu anayeweza kupingwa. Connections humwonyesha aliyeshindwa jibu lililokwisha pangwa na mhariri asiyekuwapo kuulizwa.

Atakayetunga fumbo hili kwa Kiswahili asiishie kutafsiri kanuni. Akubali mpangilio wa pili ukitetewa kwa hoja, na aruhusu wachezaji wajibizane kabla ya kufungua jibu. Kwa Waswahili waliotawanyika, wakiwamo Watanzania na Wakongo wanaoishi Johannesburg, mabishano hayo ndiyo yatakayoonyesha kwamba neno la Lubumbashi na neno la Unguja yanaweza kukaa kundi moja bila lolote kuacha kwao.