Vazi la Dansi na Jasho Lake

Vazi ni usemi. Kabla mtu hajafungua kinywa, nguo zake zimekwisha kutueleza atokako, kazi aifanyayo, na mara nyingine tamaa aliyo nayo. Ndiyo maana mhakiki wa utamaduni, sawa na mhakiki wa ushairi, hana budi kuyasoma mavazi kwa makini, wala asiyapite kama mambo ya kipuuzi. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki vazi moja la ugenini lililofufuka: vazi la madansi ya reivu ya Uingereza, ambalo vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wanalivaa tena katika klabu za usiku za London na Manchester. Swali letu ni moja: vazi likirudi, je, maana yake hurudi nalo?

Kwanza tulieleze vazi lenyewe. Ni fulana pana ipitayo kiuno, suruali pana au ovaroli, raba, kofia ya kitambaa yenye ukingo ulioshuka pande zote, na pengine filimbi shingoni na koti la rangi kali kama lile la wafanyakazi wa barabarani. Kifuani pa fulana huchapwa uso wa manjano unaocheka. Atazamaye kwa haraka atasema ni vituko vitupu. Lakini kila kipande kilikuwa na sababu yake. Muziki wa hausi ulizaliwa Chicago na ule wa tekno ukazaliwa Detroit, yote miwili mikononi mwa vijana Weusi wa Marekani. Ulipofika Uingereza katika miaka ya 1980, ulichezwa usiku kucha pasipo kituo. Mwaka 1987 klabu iitwayo Shoom ilianza London ndani ya ukumbi wa mazoezi ya viungo, mahali padogo penye joto na moshi wa mashine. Nguo ya kubana isingestahimili jasho la mahali kama hapo. Upana wa fulana ulikuwa hewa, na raba zilikuwa miguu ya kukeshea.

Ipo sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Kabla ya hapo, katika klabu nyingi za miji ya Uingereza kijana alipimwa mlangoni. Je, amevaa viatu vya ngozi? Shati lake lina kola? Aliyepungukiwa alirudishwa kwao. Vazi la reivu liliuvunja mzani huo. Karani, mpakizi wa mizigo na mwanafunzi wote waliloa jasho katika fulana za namna moja, na hapakuwa na awezaye kusema huyu ni nani na yule ni nani. Tukumbuke pia kwamba hiyo ilikuwa miaka ambayo viwanda vingi vya kaskazini mwa nchi ile vilikuwa vimefungwa, na maghala matupu yakageuzwa kumbi za dansi. Katika klabu ya Haçienda, iliyofunguliwa Manchester mwaka 1982, nguzo zilipakwa mistari ya manjano na nyeusi, alama ya hatari itumikayo viwandani. Vijana wakacheza katikati ya alama za kazi iliyokuwa imetoweka mjini mwao. Hapo ndipo penye ushairi wa vazi hili.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Dawa ya kulevya iitwayo ekstasi ilienea katika madansi hayo, na wapo waliopoteza maisha yao. Baada ya maelfu ya watu kukusanyika katika uwanda wa Castlemorton mwezi wa Mei 1992, Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya mwaka 1994 iliyowapa polisi uwezo wa kuyatawanya madansi ya usiku yafanywayo nje, na sheria hiyo ikathubutu hata kuueleza muziki wenyewe kwa midundo yake yenye kujirudiarudia. Mwalimu asiwafiche wanafunzi habari hizo. Anayelisifu vazi hana budi kuijua historia yake yote.

Wako wasemao kwamba kosa la vijana wa leo ni kuazima, kwani wahenga walinena: cha kuazima hakisitiri maungo. Sisi hatuioni kasoro hapo. Hata wale wa kwanza waliazima. Ule uso wa manjano ulichorwa mwaka 1963 na Mmarekani Harvey Ball, aliyelipwa dola 45 na kampuni ya bima iliyotaka kuwachangamsha wafanyakazi wake. Vijana wa London waliuchukua uso wa bima wakaufanya uso wa furaha yao. Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tulitenda hivyo hivyo katika ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi Tanganyika. Wachezaji waliazima sare, gwaride na vyeo vya majeshi ya wakoloni, wakavitia katika mashindano yao ya Marini na Arinoti, hata sare ya mtawala ikawa chombo cha kujipatia heshima yao wenyewe. Aazimaye kisha akakitumia alichoazima kwa haja yake, huyo ameumba.

Kasoro ya vazi lililofufuka iko kwingine. Fulana iliyouondoa mzani mlangoni sasa imekuwa mzani mpya. Kijana huulizwa kimyakimya: je, fulana yako ni ya miaka ile kweli, au ni ya kuiga? Umeinunua duka gani? Iliyo kuukuu huuzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya ukuukuu wake. Na iliyo mpya huchakazwa kiwandani ili ionekane imefanya kazi ambayo haikuifanya. Kisha huvaliwa mbele ya kamera kabla ya kuvaliwa mbele ya ngoma. Klabu ya Haçienda ilifungwa mwaka 1997, jengo likavunjwa, na mahali pake pakajengwa nyumba za makazi zenye jina lile lile. Jina limebaki na ukumbi umeondoka. Ndivyo yalivyo na mavazi mengi ya namna hii: ganda limesalia, kiini kimekauka.

Hata hivyo tusihukumu kwa pupa. Vijana hao walifungiwa majumbani. Ilikuwa mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, klabu zilipofungwa na watu wakakatazwa kukusanyika. Si ajabu wakilitamani vazi la watu waliokuwa bega kwa bega. Naye anayeiokota fulana ya zamani akaichezea hadi alfajiri ameirudishia uhai wake.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Muziki wa singeli, uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, sasa unapigwa katika klabu za Ulaya, na nguo zilizovaliwa huko hutufikia ndani ya marobota ya mitumba. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana, lililoanza kutekelezwa Januari 1969. Nia ilikuwa kulinda heshima ya taifa. Lakini marufuku hupima urefu wa nguo tu, haifundishi jicho kuisoma. Kazi hiyo ni ya darasani.

Basi mwalimu na amwulize mwanafunzi maswali matatu juu ya vazi lolote, liwe la London au la Manzese: lilifanya kazi gani? Lilimfungulia nani mlango? Na leo linamfungia nani? Kijana awezaye kuyajibu hatakuwa mtumwa wa mtindo, wala hatahitaji kuogopa mgeni. Atajua kwamba thamani ya vazi la dansi haimo katika chapa iliyo kifuani, bali katika jasho la wale waliolivaa pamoja.